Maneno ya Bustani kwa Anayeanza: Mwongozo Kamili, Kuanzia Udongo Hadi Mavuno

Mtu akikuambia "sia mbegu wiki hii, uatike baada ya mwezi", nawe ukasikia "panda, kisha panda tena", hasara imeanza kabla jembe halijagusa ardhi. Maneno ya bustani ni maagizo ya kazi: kila moja limebeba kina chake, nafasi yake na wakati wake. Kwa hiyo hapa hayakupangwa kwa alfabeti. Yamefuata mwendo wa kazi yenyewe, na yameelezwa kwa urefu zaidi pale ambapo mawili yanafanana na kumponza mgeni.

Udongo: majina matatu na jaribio la kiganja

Udongo wa kichanga una chembe kubwa. Maji hupita upesi na chakula cha mmea huondoka nayo. Mfinyanzi una chembe ndogo mno. Hushika maji na rutuba, lakini ukilowa unanata na ukikauka unapasuka. Tifutifu ni mchanganyiko wa chembe kubwa, za kati na ndogo, na ndio unaofaa mboga nyingi.

Usikisie udongo wako kwa rangi. Fukua hadi sm 10 au 15, chukua ujazo wa kiganja, toa mawe na mizizi. Nyunyizia maji kidogo kidogo huku ukiukanda mpaka uwe laini bila kuchuruzika. Finya tonge. Likikataa kabisa kushikana, hicho ni kichanga. Likishikana, lisukume polepole kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe unaoning'inia. Utepe ukikatika kabla ya kufika sm 2.5, una tifutifu. Ukifika kati ya sm 2.5 na 5, ni tifutifu yenye mfinyanzi mwingi. Ukipita sm 5, unang'aa na umeacha alama ya vidole vyako, huo ni mfinyanzi.

Jina ulilopata linaamua kazi inayofuata. Kichanga kinataka maji machache kila mara na mboji nyingi. Mfinyanzi haulimwi ukiwa umelowa, kwa sababu mabonge yake hukauka yakawa kama matofali na mizizi haipenyi. Subiri mpaka bonge likidondoshwa lipasuke lenyewe. Wengi hukimbilia kuchanganya mfinyanzi na mchanga. Acha. Mchanga kidogo huugandamiza udongo huo zaidi. Kinacholegeza mfinyanzi na kuongeza uwezo wa kichanga kushika maji ni kitu kilekile: mboji.

Yapo maneno mengine mawili ya kushika hapa. Udongo wa juu ni tabaka lenye rangi iliyokolea na viumbe hai. Udongo wa chini ni hafifu na mara nyingi una rangi tofauti. Unapochimba shimo, weka rundo la kila tabaka upande wake, na wakati wa kufukia uanze na ule wa juu pale mizizi itakapokaa. Uchachu wa udongo hupimwa kwa pH: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali. Mboga nyingi hufurahia 6.0 hadi 7.0. Chokaa hupunguza tindikali, ila usiimwage siku moja na samadi, kwa maana naitrojeni ya samadi hugeuka hewa na kupotea.

Mbolea si neno moja

Samadi ni kinyesi cha mifugo pamoja na matandiko yao. Mbichi huunguza mizizi kwa chumvi na amonia, huleta mbegu za magugu, na inaweza kubeba vijidudu vya magonjwa ya binadamu. Iache ioze miezi 3 hadi 6, mpaka isitoe joto wala harufu kali na usiweze kutambua ilikuwa nini. Ikiwa tayari, weka kilo 2 hadi 4 kwa kila mita ya mraba.

Mboji ni masalia ya mimea na samadi yaliyooza yakawa meusi, mepesi, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Wengine huiita mbolea vunde. Rundo dogo halipati joto, kwa hiyo lenga angalau mita 1 kwa urefu, upana na kimo. Panga matabaka: kwa ujazo, malighafi kavu (majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa) mara mbili au tatu ya malighafi mbichi (majani mabichi, maganda, samadi mbichi). Finya konzi moja ya mchanganyiko: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Rundo zuri hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi ndani ya siku chache. Likipoa, ligeuze. Likinuka kama mayai yaliyooza, limekosa hewa au lina maji mengi. Ongeza makavu na ugeuze. Lisipopata joto kabisa, ni kavu mno au limekosa ubichi.

Mbolea ya chumvichumvi ni ile ya viwandani, na tarakimu tatu za mfukoni zina maana. 17-17-17 ni asilimia, kwa uzito, za naitrojeni, fosforasi (ikihesabiwa kama P2O5) na potasiamu (ikihesabiwa kama K2O), kwa mpangilio huohuo kila mahali. Mfuko wa kilo 50 hapo una kilo 8.5 za naitrojeni. Naitrojeni hujenga majani, fosforasi husaidia mizizi na maua, potasiamu huimarisha shina na matunda.

Sasa maneno yanayochanganya: mbolea ya kupandia huwekwa shimoni au mstarini siku ya kupanda, ikifunikwa na udongo kidogo ili isigusane na mbegu au mizizi, kwa kawaida ina fosforasi nyingi. Mbolea ya kukuzia hufuata mmea ukishashika, yenye naitrojeni zaidi, na huwekwa kwa duara umbali wa sm 10 hivi kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu. Kuzibadilishana ni kosa la kawaida: naitrojeni nyingi siku ya kwanza huunguza mche, na nyanya zilizoshiba naitrojeni huwa kichaka cha majani kisicho na matunda.

Zana

Jembe la mkono hulima na kuinua matuta. Jembe uma, lenye meno, hutifua bila kukata mizizi mikubwa vipande. Sepetu, ambayo wengine huiita beleshi au koleo, huchota na kuhamisha. Reki husawazisha. Keni hutoa maji kwa tundu ndogondogo zisizofukua mbegu. Mkasi wa kupogolea hukata matawi mabichi. Uwe mkali na safi, maana butu huponda shina. Kamba na mambo (vijiti vya kuchomeka ardhini) hunyoosha mistari, na mistari iliyonyooka ndiyo inayokuwezesha kupalilia bila kukata mboga.

Kitalu, tuta, jaruba

Kitalu ni mahali pa kulelea miche kabla ya kuhamishwa, hivyo mmea hauvuniwi hapo. Tuta ni udongo ulioinuliwa ambamo mmea hukulia. Urefu wa sm 15 hadi 20 hutosha, na upana usizidi mita 1.2 ili ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga. Jaruba ni kinyume chake: eneo lililozungushiwa kingo ili maji yakae. Penye mvua nyingi au mfinyanzi, inua tuta. Penye ukame na kichanga, shusha usawa ili maji yasikimbie. Mgeni hunakili matuta marefu ya jirani bila kuuliza udongo wa jirani ni upi, kisha hushangaa yake yanakauka saa sita mchana.

Kusoma pakiti ya mbegu

Chotara, au F1, ni mbegu ya kizazi cha kwanza cha wazazi wawili waliochaguliwa. Huzaa kwa usawa na wingi, lakini mbegu utakazokamua humo hazitafanana na mama yao. Mbegu za uchavushaji huria unaweza kuzihifadhi mwenyewe, mradi usizichanganye na aina nyingine ya mmea huohuo iliyo karibu. Uotaji wa asilimia 85 maana yake mbegu 85 kati ya 100 ziliota zilipopimwa. Mbegu iliyokaa kwenye joto na unyevu hushuka chini ya hapo. Pima mwenyewe: kunja mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu, weka ndani ya mfuko mahali pa vuguvugu, hesabu baada ya siku 7 hadi 10. Zikiota 10, mwaga mara mbili ya ulivyokusudia, au nunua nyingine.

Kwenye nyanya utakuta neno "fupi" au "ndefu". Halisemi urefu peke yake. Nyanya fupi hufika kimo fulani, hutoa tumba la maua kileleni, na matunda hukaribiana kuiva. Nyanya ndefu huendelea kurefuka na kuzaa, kwa hiyo huhitaji mti au kamba ya kushikilia na kuondolewa vichipukizi vya pembeni. Ukiipogoa nyanya fupi kama ndefu, unatupa mavuno yako.

Kusia, kuota, kupunguza, kukomaza, kuatika

Hapa ndipo maneno yanapobeba uhai wa mmea.

1. Kusia ni kuweka mbegu kitaluni. Kina ni mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu. Mbegu ya nyanya inatosha sm 1 hivi. Mbegu ya saladi inataka mwanga, hivyo iguse udongo tu na kufunikwa kidogo sana. Chora vifereji vya mistari umbali wa sm 10 hadi 15, dondosha mbegu moja moja, fukia, tandaza nyasi kavu nyembamba, mwagilia kwa keni. Kumwaga mbegu ovyo kitaluni huzaa miche iliyosongamana, na msongamano ni mlango wa kinyausi, ugonjwa unaolaza miche kitaluni.

2. Kuota ni mbegu kutoa kimea juu ya ardhi. Siku hiyohiyo ondoa nyasi za juu, la sivyo miche itarefuka myembamba na kulala ikitafuta mwanga. Usichanganye kuota na kuchipua: kuchipua ni chipukizi jipya kutoka kwenye shina au tawi lililokuwapo.

3. Majani ya mbegu ni yale ya kwanza, yaliyotoka ndani ya mbegu yenyewe. Majani halisi hufuata na yana sura ya mmea uliokomaa. Maagizo yanaposema "majani manne", ni manne halisi.

4. Kupunguza miche ni kuondoa iliyo dhaifu ili iliyobaki ipate nafasi. Karoti hupunguzwa zibaki sm 5 kati ya mmoja na mwingine. Ukiona huruma hapa utavuna karoti za ukubwa wa penseli. Pale mizizi imeshikana, kata kwa mkasi usawa wa ardhi, usivute.

5. Kukomaza miche ni kuizoesha jua na kiu siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamishwa: punguza kivuli hatua kwa hatua, na maji pia, bila kuifikisha kunyauka. Miche ya kivulini ikitolewa ghafla huungua majani yakawa meupe kama karatasi.

6. Kuatika ni kuhamisha miche hadi inapokaa moja kwa moja. Mwagilia kitalu saa chache kabla. Fanya jioni au siku ya mawingu. Shika mche kwa jani, si kwa shina: jani likichubuka litaota jingine, shina likipondeka mche umekwenda. Weka shimoni, fukia, shindilia kidogo kuondoa hewa, mwagilia papo hapo. Nyanya ifukie hadi karibu na majani ya chini, kwa sababu shina lake hutoa mizizi. Saladi usifukie moyo wake, utaoza. Nafasi: nyanya sm 60 kwa 50, kabichi sm 60 kwa 45, vitunguu sm 10 kwenye mistari ya sm 20 hadi 30.

Karoti, maharage na mahindi hupandwa moja kwa moja bustanini. Karoti iliyoatikwa hupata mzizi uliopinda au kugawanyika kama miguu.

Angalizo la lugha: wengi husema "kupandikiza" kwa maana ya kuatika, na wengine kwa maana ya kuunganisha miti miwili ya matunda, kazi inayoitwa pia kubebesha. Anayekuuzia "mche wa kupandikizwa" muulize ana maana gani. Mwembe uliobebeshwa una kovu la kiungo shinani, na kovu hilo lazima libaki juu ya udongo.

Kwapa, kifundo, pingili

Kifundo ni mahali shinani jani linapoota. Pingili ni kipande kati ya kifundo na kifundo. Kwapa la jani ni pembe kati ya jani na shina, na ndimo macho ya machipukizi yanapolala. Tumba ni ua ambalo halijafunguka. Chavua ni unga wa ua; ukifika kwenye sehemu ya kike ya ua, tunda hushika. Maboga na matango yana maua ya kiume na ya kike kwenye mmea mmoja: la kike lina kitunda kidogo nyuma yake. Ya kiume mara nyingi hutangulia, kwa hiyo maua ya mwanzo yakidondoka bila tunda, usinunue dawa.

Kupogoa ni kukata kwa kusudi. Kata kama nusu sm juu ya jicho, mshazari, mteremko ukielekea mbali na jicho ili maji yasitulie hapo. Ukiacha kisiki kirefu kitakauka na kuoza. Ukikata karibu mno, jicho litakufa.

Kipando ni kipande cha shina cha kuoteshwa. Chagua shina lililokomaa lakini lisilozeeka, urefu wa sm 15 hadi 20, lenye vifundo 3 au 4. Chini kata mshazari, kidogo tu chini ya kifundo. Juu kata mkato bapa, usio mshazari. Tofauti hiyo inakukumbusha upande upi ni wa kwenda ardhini, maana kipando kilichogeuzwa mara nyingi hakioti. Ondoa majani ya chini na ufukie vifundo viwili.

Kumwagilia, kutandaza, kupalilia

Milimita 1 ya maji ni lita 1 kwa mita ya mraba. Mboga nyingi hutaka milimita 25 hivi kwa wiki, yaani keni mbili na nusu za lita 10 kwa kila mita, zaidi wakati wa joto kali. Gawa mara mbili au tatu. Kisha ingiza kidole au kijiti: unyevu ufike sm 15. Kulowesha vumbi la juu kila jioni hufundisha mizizi kukaa juu, na siku moja ukisahau mmea huanguka.

Matandazo ni nyasi kavu au majani yanayofunika udongo kwa unene wa sm 5 hadi 8. Yaache umbali wa sm 5 kutoka shinani, la sivyo shina huoza na sota, kiwavi anayekata miche usiku, hupata maficho.

Kupalilia ni kuondoa magugu. Kupandishia udongo ni kuurundika shinani mwa mmea. Viazi mviringo vinataka yote mawili, kwa sababu kiazi kinachoona mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu. Palilia magugu kabla hayajatoa maua. Ndago ni habari nyingine: ina viazi vidogo ardhini, na kuikata kwa jembe huwa ni kuchokoza viazi hivyo vichipue upya. Ing'oe kwa jembe uma pamoja na viazi vyake, na urudi kila inapochungulia.

Mdudu, ugonjwa au upungufu?

Neno "dawa" limeharibu bustani nyingi. Viuatilifu ni jina la jumla. Viuadudu huua wadudu, viuakuvu huzuia kuvu, viuagugu huua magugu. Kiuakuvu hakimdhuru kiwavi, na kiuagugu ukikipulizia mboga umezimaliza. Kabla ya kutafuta chupa, tafuta chanzo.

Vidukari hukusanyika chini ya majani machanga na kuacha utomvu wa kunata. Maji ya kasi huwaangusha. Utitiri huacha vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba, hasa wakati wa ukavu. Ubwiri unga ni vumbi jeupe juu ya jani. Kinyausi huonekana kitaluni: shina la mche hunywea usawa wa udongo, mche ukalala. Chanzo ni kuvu na viumbe vinavyofanana nayo, lakini kinachowapa nafasi ni maji mengi na msongamano. Kuoza kitako kwa nyanya si ugonjwa kabisa. Madini ya kalisi (kalsiamu) hayakufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikuja leo mengi, kesho hakuna. Njano inayoanza majani ya zamani huashiria upungufu wa naitrojeni. Njano kwenye majani mapya huku mishipa ikibaki kijani huelekeza kwenye madini ya chuma, mara nyingi kwa sababu udongo una alkali.

Mnyauko unastahili jaribio. Nyanya ikinyauka ingali kijani na udongo una unyevu, kata kipande cha shina karibu na ardhi. Kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji tu, na usiitikise. Ndani ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kuuponya. Ng'oa mmea na mizizi yake, uondoe bustanini, usiutupe kwenye rundo la mboji, osha zana, na usipande hapo nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Maji yakibaki safi, pasua shina kwa urefu: mistari ya kahawia ndani huelekeza kwenye mnyauko wa kuvu.

Ukilazimika kupuliza kiuatilifu, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzihesabu kuanzia siku ya mwisho ya kupuliza.

Kukomaa na kuiva

Tunda lililokomaa limefikia ukubwa wake na mbegu zake ziko tayari; lililoiva limebadilika rangi, ladha na ulaini. Nyanya iliyokomaa na kuanza kubadili rangi kitakoni huivia ndani ya nyumba bila shida. Bilinganya ni kinyume: huvunwa changa, ngozi iking'aa, na anayetaka mbegu lazima aiache mpaka iwe ya njano au kahawia. Kitunguu hukomaa shingo zinapolegea. Nusu ya majani yakishalala, acha kumwagilia, ng'oa, kisha anika kivulini penye hewa wiki 2 hadi 3. Finya shingo kwa vidole: ikiwa ndani bado kuna utelezi, rudisha kitunguu kwenye kichanja.